Mshika Upembo wa Betri

Brita Ojala alizaliwa mwoga, na anayetafuta kisa kilichomtia woga huo atapoteza muda wake bure. Hakuna aliyemtisha. Hakuwahi kuzama majini wala kung'atwa na mbwa. Alikuwa mwoga kama wengine wanavyokuwa warefu, na maisha yake yote yalikatwa kufuata kimo hicho.

Huku kwetu Rasi ya Juu ya Michigan, kaskazini mwa Marekani, hilo ni jambo la kumtesa mtu. Ziwa likishaganda, watu huingia juu ya barafu na magari yao kwenda kuvua, vioo vimeshushwa hata kama baridi inakata masikio, ili barafu ikipasuka mtu apate pa kutokea. Baba yake Brita aliendesha huku anapiga mluzi. Brita alikaa pembeni yake bila mkanda, mkono kwenye kitasa cha mlango, akisikiliza barafu inavyonung'unika chini ya matairi, na walipofika kwenye kibanda cha kuvulia hakuwa na hamu ya samaki wala ya kahawa. Emmett Saari, mtoto wa jirani, alikuwa keshashuka zamani, anarukaruka.

"Ona, we Brita! Ona! Hata lori la kusukuma theluji lingepita hapa!"

"Acha kuruka, Emmett, nakuomba!"

"Unaniomba nini, na mimi ndo nakufundisha?"

Brita hakuitazama barafu. Alimtazama Emmett.

Walipokua waliingia chuo kimoja cha uhandisi, na wote wawili wakajiunga na timu ya gari la umeme. Kila mwaka wanafunzi wa timu hiyo hujenga gari dogo la mashindano, la mtu mmoja, matairi yake nje, na mwezi wa sita hulipeleka kusini kushindana na vyuo vingine. Emmett alikwenda moja kwa moja kwenye betri, kama mtoto aendavyo kwenye bakuli la sukari. Brita aliomba kazi ya kushona kiti cha dereva. Kiti hakina umeme.

Lakini meza ya betri ilikuwa jirani na cherehani yake, na Brita hakuweza kuliondolea macho kasha lililobeba betri. Injini ya petroli ukiizima imezimika, unaweza kuikalia ukala chakula chako. Betri haizimwi. Utafunga swichi zake, utalifunga kasha, utalifunika na blanketi, na mle ndani volti karibu mia nne zitakuwa zimekaa zinasubiri, hazinuki, hazilii. Na umeme huo ukimshika mtu, misuli yake hukakamaa, anabaki amekishika kile kinachomuua. Ndiyo maana kila timu ina upembo.

Upembo wao ulikuwa fimbo ndefu ya plastiki ngumu, kichwa chake kimepindwa kiasi cha kukumbatia kiuno cha mtu. Anayeishika betri hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake husimama mwenzake na upembo, na kazi ya huyo ni moja tu: mwenzake akinaswa, amvute. Asimguse kwa mkono, maana watakufa wote wawili. Hali chakula, hashiki simu, hapigi soga. Haombi ruhusa ya kuvuta. Na lazima awe amefundishwa yote anayoyajua yule wa mbele yake.

Wengi waliopewa upembo walichoka upesi wakaanza kuchungulia dirishani. Kapteni wa timu, Colette Beaudoin, msichana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe wa jirani, akagundua kwamba katika karakana nzima kuna mtu mmoja tu asiyechoka kulitazama kasha.

"We Brita, njoo ushike huu."

"Mimi? Kapteni, mimi naogopa."

"Najua. Ndo maana nakupa wewe."

Akafundishwa kasha lote, na tangu hapo akawa anasimama nyuma ya Emmett, macho yameganda kwenye vidole vya mwenzake. Emmett alikuwa akifanya kazi huku anaimba. Alikuwa na mikono mizuri, ya haraka, na hakuna siku ambayo Brita aliiangalia bila kuiona imekwisha kuungua.

Mara ya kwanza alipovuta, Emmett alikuwa amepiga chafya. Mara ya pili redio ilipiga wimbo anaoupenda, akatikisa mabega, na Brita akaona mtu anatetemeshwa na umeme. Alimvuta mpaka wakaangukia pipa la taka pamoja. Watu walicheka wakashika mbavu. Walimchorea samaki mgongoni mwa fulana yake, wakamwita Mvuvi.

"Mvuvi, leo wanakula chambo?" mtu aliuliza kila asubuhi.

"Mimi samaki mkubwa bwana," Emmett alidakia, "mnipime kwanza kabla hamjanirudisha ziwani!"

Brita naye alicheka, maana angefanya nini. Lakini Colette hakucheka mara ile ya pili. Alimvuta kando, karibu na sinki la kunawia grisi.

"Sikiliza, Brita. Ungemgonga kichwa na meza. Ukimvuta tena bila sababu, upembo nampa mtu mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mtu mwingine. Usiku huo Brita aliwapitisha moyoni mmoja mmoja: yule wa simu, yule wa kusinzia, yule anayejua kila kitu. Hakuona hata mmoja ambaye angemkabidhi roho ya Emmett. Basi woga wake ukazaa mwenzake, akawa anaogopa kutovuta na anaogopa kuvuta. Mtu anayeogopa kila siku hana njia ya kuijua ile siku ambayo woga wake unasema kweli. Mashujaa hawaijui adha hiyo. Wao hushtuka mara moja kwa mwaka, wakajua hapa pana jambo, na sisi tunawapigia makofi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, theluji iliyosukumwa majira ya baridi bado imelala lundo jeusi ukingoni mwa maegesho, walilitoa gari nje kulijaribu. Jumanne lilitakiwa kupakiwa kwenye lori kwenda kwa wakaguzi, na kila mtu alikuwa anakimbia. Kuliwasha gari la namna hii kuna ustaarabu wake. Umeme huachiwa kidogo kidogo kwanza, ndipo swichi mbili kubwa zilizomo ndani ya kasha zishikane. Kusubiri huko kuliwachosha wakati wa majaribio ya mezani, wakaifuta hatua hiyo kwenye kompyuta, kisha wakasahau kuirudisha. Kwa hiyo gari lilipowashwa asubuhi ile, ndani ya kasha ulisikika mlio mmoja mkavu, ta! Kisha gari likagoma kabisa.

"Fyuzi hiyo," Emmett akasema. "Nafungua, nabadilisha, tunakula, tunarudi barabarani."

Walilisukuma gari kurudi karakanani, wakalichomoa kasha wakalibeba hadi mezani. Emmett akavaa glavu nene za mpira, na za ngozi juu yake, akashusha kioo cha kukinga uso. Brita akaupitisha upembo kiunoni mwa Emmett, akajipanga miguu.

Juu ya kasha zilisimama nguzo mbili fupi za shaba, ndiko umeme unakotokea. Swichi za ndani zikiwa zimeachana, nguzo hizo hazina kitu. Zikiwa zimeshikana, ni kifo. Kwa hiyo kabla hujagusa unapima volti kwa testa, na kupima kuna desturi ambayo wote waliifundishwa mpaka wakaiota ndotoni. Unaanza na betri ndogo ya redio, ambayo unajua ni nzima, ili uone kama testa yako inasema kweli. Ndipo unapima kasha. Kisha unairudia ile ndogo. Testa iliyokufa nayo husoma sifuri.

Siku hiyo betri ndogo ilikuwa imefunikwa na mfuko wa pai za nyama, alizozileta mama yake Emmett zikiwa bado za moto. Emmett alipapasa meza, hakuiona, akaenda moja kwa moja kwenye kasha.

"Sifuri," akasema. "Kapteni, limekufa hili. Sifuri tupu!"

"Fanya haraka basi!" Colette akajibu akiwa chini ya gari.

Nati ya mfuniko ilikuwa ndogo, imejibanza katikati ya nguzo mbili. Emmett aliishika kwa glavu, ikateleza. Akaishika tena, ikateleza. Akacheka. Akavua glavu za mkono wa kulia, akavua na za kushoto, akaziweka kando. Wala hakuvunja sheria hapo, kwani testa ikishasoma sifuri unaruhusiwa kuvua.

Brita akaacha kuvitazama vidole vya Emmett. Aliutazama ule mfuko wa pai. Alijua kilichoko chini yake. Au hakujua? Pengine Emmett alishaipima ile ndogo wakati yeye anajipanga miguu. Pengine. Damu ilikuwa inampiga masikioni, magoti yamelegea, na hakuna hata kimoja katika hayo kilichokuwa kipya. Jana alijisikia hivi hivi. Juzi alijisikia hivi hivi, na Emmett akaenda nyumbani salama akala chakula cha jioni.

"Emmett."

"Mvuvi, mshika upembo haongei."

"Testa. Ulianza na ile ndogo?"

"Imesoma sifuri bwana, si umeona mwenyewe?"

"Lakini ulianza na ile..."

"Brita! Tulia. Pai zinapoa."

Kiganja cha kushoto cha Emmett kilikuwa kinashuka kuegemea nguzo ya kwanza, na vidole vya kulia vinapenya kando ya ile ya pili. Brita akaona mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, na moyo wa Emmett katikati. Angependa watu waamini kwamba aliamua. Hakuamua lolote. Mwili wake ulirudi nyuma wenyewe, kwa uzito wake wote, na upembo ukamfuata.

Emmett aliondoka mezani kama gunia. Kiwiko kikagonga kiti cha chuma, kioo cha uso kikapasuka, spana ikaruka hadi mlangoni. Kicheko kikaanzia kwa wale waliokuwa wanafunga matairi.

"Mvuvi kapata tena! Huyo mpikeni sasa!"

Emmett hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Brita kumwona amekasirika.

"Una wazimu? Wewe una wazimu? Mkono wangu! Jumanne tunaondoka, unanivunja mkono!"

Colette alitoka chini ya gari akijifuta grisi kwenye suruali. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nipe upembo."

"Kapteni..."

"Nipe, Brita. Nilikwambia."

Brita alikuwa analia, kamasi zinamtoka mbele ya watu wote, na vidole vyake havikuachia. "Pima ile ndogo," akasema. "Iko chini ya pai. Pima tu, halafu uuchukue. Nitaondoka mwenyewe, sitarudi tena hapa, we pima tu."

Colette alishusha pumzi ya mtu anayembembeleza mtoto. Akausogeza mfuko, akaiokota betri ndogo, akaigusa na ncha za testa. Akatazama. Akageuza ncha, akagusa tena, ikasoma sifuri ile ile.

"Hii betri imekwisha?" akauliza.

Mmoja wa wale wa matairi akaichukua, akaipachika kwenye redio. Redio ikaanza kuimba.

Iliimba peke yake kwa muda. Hatimaye Colette alinyoosha mkono akaizima, akaichomoa betri. Alileta testa nyingine kutoka kabatini, akavaa glavu, akaipima betri ndogo, akapima nguzo mbili za kasha, akairudia betri ndogo. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa haina rangi.

"Mia tatu na themanini," akasema. "Iko hai."

Ule mlio wa asubuhi ulikuwa wa swichi mbili kuyeyuka na kugandana. Na testa ya kwanza, waya wake ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake la mpira, nje hakionekani kitu. Wangeweza kupatwa na moja kati ya hayo wakaishi. Yalikuja yote mawili asubuhi moja.

Emmett alikuwa bado sakafuni. Aliinua viganja vyake akavitazama, kimoja kisha kingine, kama mtu aliyeviazima.

Lakini kasha lilikuwa bado mezani, na huwezi kuliacha hivyo ukaenda zako. Ilibidi nati ile ifunguliwe kwa glavu, mfuniko uinuliwe, zing'olewe plagi zinazoiunganisha betri, ili igawanyike vipande vidogo visivyoua. Profesa wao alipigiwa simu, alikuwa kwenye kambi yake msituni na simu haikushika. Colette alijua kupima, hakujua kufungua. Kati ya waliokuwepo Jumamosi ile, waliofundishwa kazi hiyo walikuwa wawili tu.

Emmett akainuka. "Nitafanya mimi. Kazi yangu hii."

Akachukua glavu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba vidole viwili viliingia tundu moja. Akavitoa, akaanza upya. Vikaingia vibaya tena. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, na alipojaribu mara nyingine glavu ikamponyoka, ikaanguka. Hakuiinamia.

"Siwezi," akasema. "Brita, siwezi."

Brita aliitazama ile glavu sakafuni. Alitaka kwenda nyumbani kwao, na hakuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile. Alitaka kukaa jikoni kwa mama yake mpaka wengine walimalize jambo hili, na alijua hakuna wengine. Akainama akaiokota.

"Shika upembo basi," akamwambia.

Alivaa polepole. Alipima ndogo, akapima kasha, akapima ndogo, ingawa wote walishajua. Kisha akaingiza mkono mmoja, ule mwingine ameuficha nyuma ya mgongo kama walivyofundishwa. Nati ikateleza. Akaishika tena, ikateleza tena. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifutia. Akajikuta anaibembeleza nati kwa sauti, njoo mama, njoo, usinifanyie hivyo, na hakuna aliyecheka. Kiunoni aliusikia upembo. Ulikuwa unatetemeka, mtetemo mdogo usiokoma, na haukuwa wake.

Nati ikalegea. Mfuniko ukainuka. Plagi ya kwanza ilikuwa ngumu, ikabidi aivute kwa nguvu, na katika kuivuta aliona giza. Ikatoka. Ya pili ikatoka. Akaendelea hadi ya mwisho, akazipanga pembeni, akapima betri ndogo, akapima nguzo, akapima betri ndogo tena.

"Limekufa," akasema. "Sasa limekufa kweli."

Colette akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Wale wa matairi wakatoka nje mmoja mmoja, bila kuambiana. Habari ya Jumanne hakuna aliyeitaja. Emmett peke yake hakusogea. Upembo ulikuwa bado umemkumbatia Brita kiunoni.

"Brita."

"Mm."

"Hivi ndivyo unavyojisikia? Ukisimama nyuma yangu?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi natapika kwanza, ndo nakuja."

Kupumua kwa Emmett kulisikika karakana nzima.

"Unatapika," akasema. "Halafu unakuja tu. Kwa nini unakuja?"

Brita alikuwa anahangaika kuvua glavu, zilikuwa zimemganda kwa jasho na hazikutaka kutoka. Hakugeuka.

"Sasa nisipokuja," akasema, "nani atakuvuta?"